Majina Kuanzia Nyumba ya Chini

Kamera ilibaki kwenye jeep. Hiyo ilikuwa sheria yake, na sisi tuliofanya kazi naye tuliichukia kuliko njaa. Mnafika mahali ambapo mto umebeba nyumba au kilima kimeshuka, cameraman mikono inamwasha, mwanga ni mzuri, moshi bado unatoka kwenye matope pale jiko lilipofunikwa, na yeye anafunga mlango wa jeep kwa ufunguo, anautia mfukoni, anakwenda zake mpaka kwa wafiwa na kukaa chini. Chini kabisa, kwenye mkeka, au kwenye majani ya migomba kama mkeka nao umekwenda. Anakaa bila kusema. Sisi tunakaa nyuma yake, matako yamelowa, tunamtukana kimoyomoyo. Mpaka mtu wa pale amguse mkono au amwambie neno, ndipo anapouliza swali lake la kwanza, nalo halikubadilika miaka yote niliyomjua: nani alikufa hapa?

Si wangapi. Nani. Wakubwa walitaka idadi, kwa sababu idadi inaingia vizuri kwenye habari na tena inaweza kupunguzwa. Yeye alitaka majina. Mtu akitaja jina, alilirudia polepole mbele yake, kisha akauliza, "Nilisema muzuri?" Kama hakulisema vizuri, alirudia tena na tena, hadi mama au baba wa marehemu aitikie kwa kichwa. Hapo ndipo alipotoa ufunguo mfukoni.

Wala hakuyaandika majina hayo. Nilimuuliza sababu, akaniambia kwamba akiandika atasahau, kwa kuwa karatasi itakuwa imemkumbukia. Basi njia nzima ya kurudi Bukavu alikuwa akisogeza midomo kama mama mzee na rozari yake, na ole wake dereva atakayewasha redio.

Watoto wa mjini walimwita Papa Journal, maana uso wake ulikuja na journal, yaani habari za jioni, nami nitamwita hivyo hivyo. Mtu wa majina kama yeye angenigombeza kwa kumwacha bila jina. Lakini mkewe aliniomba hivyo, na mkewe nampenda. Mimi nilikuwa monteuse wa kituo chetu, kazi ya kukata picha na kuziunga, na kwa kuwa kituo kilikuwa maskini nilishika na micro, kipaza sauti, pia tulipotoka. Yeye aliniita Maman Kata tangu siku ambazo sikuwa hata na mchumba. Ilikuwa miaka ile ya Zaïre, sote tulikuwa citoyen na citoyenne, yaani raia, kila habari ilianza kwa kumshukuru Kiongozi, na wanaume wa ofisini walivaa abacost, lile koti la kuvaliwa bila tai. Abacost yake ilikuwa moja, ya kahawia, na mkewe aliipiga pasi hadi ikawa inang'aa kwenye viwiko.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Katika mambo madogo alikuwa mwongo sana, tena mwongo asiyejua kudanganya. Gurudumu la jeep yetu lilipasuka Mumosho mara nyingi kuliko gurudumu lolote katika Kivu nzima, kwa sababu Mumosho kulikuwa na mama mmoja aliyetengeneza kasiksi nzuri, ile pombe ya ndizi, na director wetu alikuwa akisikia habari ya gurudumu hilo huku pombe inanuka ofisi nzima. Mapadri aliwaambia amesali misa ya kwanza. Mkewe alimwambia ameshakula, halafu mkewe anamkuta jikoni anakomba sufuria ya sombe, yaani kisamvu, kwa kidole.

Na alipenda kucheza. Hili ndilo lililonishinda kulielewa. Siku za maandamano ya Chama, vile vikundi vya animation vikishuka avenue na vitambaa vyao vya rangi moja, wakiimba sifa, mimi nilikuwa natafuta mahali pa kujificha, na yeye mguu ulikuwa umeshaanza. Alizijua nyimbo zote. Alikata kiuno ndani ya abacost yake mpaka watu wakampigia makofi. Nilimuuliza siku moja kama haoni haya.

"Ngoma haiko na makosa, Maman Kata," akanijibu, jasho linamtoka. "Makosa iko kwa maneno."

Maneno ndiyo yaliyomgombanisha na dunia. Kuna mwaka mafuriko yaliingia Sange, kule bondeni kwa Ruzizi, yakaondoka na mahindi, mbuzi, nyumba na watu. Tulipofika, chef, mtawala wa pale, alikuwa ametuandalia kazi tayari. Wanawake walikuwa wamepangwa kwenye mstari, vikwembe vyao vya kujifunga vimelowa, wengine wana watoto mgongoni wanaolia, na walitakiwa kucheza kushukuru kwa mablanketi ya Kiongozi. Mablanketi yenyewe yalikuwa hayajafika. Papa Journal alifunga jeep, akaenda kukaa na wafiwa. Chef alimngoja amesimama juani, anatazama saa. Baadaye akaja na kusema kwa sauti ya amri kwamba sasa tufilm.

"Film," Papa Journal akamwambia cameraman.

Cameraman akamzunguka chef, kulia, kushoto, akapiga goti, akamfilm akiwa amenyoosha kidole kuelekea mtoni, akawafilm wanawake wakicheza kidogo kisha wakaruhusiwa kwenda kukausha watoto wao. Chef alitabasamu hadi tukamwonea huruma. Tulipokuwa tumeondoka, cameraman alianza kucheka, akacheka hadi akashika tumbo: ndani ya mashine hakukuwa na kaseti.

"Huo nao ni uongo," nilimwambia Papa Journal.

"Nilidanganya chef," akasema. "Benye walikufa, sikubadanganya."

Chef yule alikaa mbele ya televisheni majuma mengi akijitafuta. Majina ya watu wa Sange yalipita siku moja, jioni, kwa bahati, kwa sababu director alikuwa harusini.

Wengine mnaweza kumpenda kwa hadithi hiyo, basi ngoja niwape nyingine. Mlima mmoja ulishuka upande wa juu wa mji, na mwanamume aliyezikwa na ukuta wa nyumba yake hadi kiunoni, akatolewa hai, lakini mkewe hakutolewa, alikuwa analia mbele yetu kwamba Serikali imewasahau. Kweli ilikuwa imewasahau. Commune, serikali ya mtaa, iliahidi kuchimba mfereji wa kupitisha maji na haikupiga hata jembe moja. Papa Journal alimsikiliza hadi mwisho, micro mkononi mwangu, kamera inazunguka, kisha akamuuliza taratibu:

"Ile miti ilikuwa hapa juu, nani aliikata?"

Mtu yule aligeuka akatazama kilima kitupu. "Siye," akasema.

"Juu ya nini?" Papa Journal akamuuliza sababu.

"Juu ya makala ya jiko, tuuzishe. Tulikuwa tutakula nini, Papa?"

Nilikasirika hadi nikaikwaruza micro kwa kucha. Ukisikiliza sauti ya kaseti ile utasikia. Ndani ya jeep nilimwambia kwamba hana moyo, kwamba mtu aliyefiwa haulizwi swali la namna ile, kwamba wakubwa wakisikia "siye" watafurahi na kuwabebesha maskini mzigo wote.

"Kama naachilia ule papa, nitaachilia na commune," akasema. "Mvua haiko na kadi ya Chama, Maman Kata. Ilikuta miti haiko. Ilikuta na mufereji hauko. Ni ile tu."

Akatoa vyote viwili, miti na mfereji, bila kuongeza chumvi. Commune ilimchukia, na watu wa mlima pia walimchukia kwa muda. Mimi nilikaa bila kumsalimu hadi aliponiletea sambaza wa kukaangwa ndani ya gazeti, na wale samaki wadogo wakiwa bado moto mimi siwezi kununa.

Sasa nifike kwenye mteremko. Nimezunguka makusudi, mtanisamehe. Bado ni shida kwangu kuusema.

Nyuma ya soko la Kadutu kuna mteremko mkali, nyumba za mbao na udongo zimekaa moja kichwani mwa nyingine. Msimu mmoja wa mvua, asubuhi na mapema, uliteleza. Tulipofika ardhi ilikuwa bado inatoa sauti. Papa Journal akafunga jeep. Tulikaa kwenye matope na watu wale muda mrefu kuliko siku zote, na hakuna aliyemtukana siku hiyo. Kisha akaanza kuuliza. Alianza na nyumba ya chini kabisa, akapanda, nyumba baada ya nyumba, kama mguu unavyopanda. Ndivyo alivyofanya kila mahali: hakuanza na mwenye nguo nzuri wala na mwenye kulia sana. Alisema ukifuata nyumba hakuna atakayerukwa.

Nyumba ya juu kabisa ilikuwa ya mama mmoja kijana. Alikuwa amekwenda kisimani. Aliporudi na ndoo yake, alikuta mlango umesimama na nyuma yake hakuna kitu. Alitaja mtoto wa kwanza: Nsimire. Papa Journal akarudia, Nsimire, nilisema muzuri? Akataja wa pili: Mugisho. Akarudia. Kisha mama akasema:

"Na mudogo. Ye hakukuwa bado na jina."

Mumewe alikuwa Shabunda, anatafuta dhahabu kwenye mashimo, na walikuwa wanamngoja arudi ndipo amtolee mtoto jina. Nilimtazama Papa Journal. Mdomo wake ulikuwa wazi na hakuwa na cha kurudia. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Mwishowe akasema, "Mudogo mwenye hakukuwa bado na jina. Nilisema muzuri?"

Mama akaitikia kwa kichwa. Halafu akamshika mkono wa koti, akaukamata kabisa. "Batasikia?" akauliza.

Papa Journal hakuwa mtu wa kuahidi. Kwenye misiba watu wa ofisi wanaahidi kila kitu, mabati, unga, barabara, na yeye aliona aibu kwa niaba yao. Siku hiyo aliahidi. "Batasikia," akamwambia. "Siku ya Yenga, kwa journal. Kuja kwa sale ya paroisse, kuko televizyo. Utasikia na masikio yako."

Siku ya Yenga ni Jumapili, na sale ya paroisse ni ukumbi wa parokia. Picha zile nilizikata mimi, kwa mikono hii. Hatukuweka muziki. Tuliweka majina kuanzia chini hadi juu, miti iliyokatwa na mfereji usiochimbwa hapo pia, yeye akiwa amesimama kwenye matope anasema alichokiona, basi. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Lakini jambo kubwa vile lilipaswa kupitia Kinshasa kwanza. Kaseti ikapanda ndege.

Jumapili sale ya paroisse ilijaa hadi madirishani. Yule mama aliwekwa kwenye benchi la mbele. Alikuwa ameoga, ameazimwa kikwembe na kitambaa cha kichwa, amekaa wima na mikono magotini kama anayengoja kuitwa. Mimi na Papa Journal tulikaa pembeni. Yeye hakutulia, alikuwa anafuta miwani kila mara.

Journal ikaanza. Ukaja mteremko wetu, haraka haraka. Yakaja mablanketi, ndani ya ghala ambalo silijui, wala halikuwa la Bukavu. Wakaja wachezaji wa animation na vitambaa vyao. Halafu ukaja uso wa Papa Journal, amesimama kwenye matope, midomo inasogea, na juu yake sauti ya mtu mwingine, sauti nene ya Kinshasa, inamshukuru Kiongozi ambaye mkono wake ulifika kwenye mteremko kabla ya machozi. Ikaisha. Ikaja habari ya mpira.

Jina hata moja halikutajwa.

Sisi wa kazi tuliona palepale kwamba mdomo na sauti havikulingana. Lakini sale ilikuwa na makelele, watu walikuwa wanalia tangu picha ya kwanza, na walichoona ni mdomo wa Papa Journal. Mtu nyuma yetu akasema, "Aliuzisha batoto betu." Sauti nyingine zikaitikia. Mama akasimama. Ilibidi apite mbele yetu ili atoke, na alipomfikia Papa Journal alisimama kidogo.

"Uliniambia nikuje," akamwambia.

Akatoka. Papa Journal alibaki kwenye benchi hadi sale ikawa tupu na sacristain, mtunza kanisa, akaja na ufagio. Alilia. Nasema nilichokiona: alilia mbele yangu na mbele ya sacristain, na hakujifunika uso.

Kesho yake aliingia kwa director, na mlango ulikuwa umefungwa lakini tulisikia ugomvi wote. Akaondolewa kwenye televisheni. Kwa adhabu walimpeleka redio, kusoma matangazo ya vifo, yale ya mchana ambayo familia huleta zikitangaza msiba na mahali pa kilio. Walidhani wanamdhalilisha. Baada ya muda mfupi watu walikuwa wanangoja nje ya redio wakiomba tangazo lao asome yeye, kwa sababu alitoka hadi mlangoni, akarudia jina mbele yao na kuuliza kama amelisema vizuri.

Mchana mmoja, matangazo yalipokwisha, hakuzima micro. Akaanza majina ya mteremko. Nilikuwa kwenye chumba cha montage, redio iko juu ya kabati, nikaachilia mashine. Nyumba ya chini. Nyumba inayofuata. Ya tatu akaifikia katikati, na sauti ikakatwa, ukaja muziki.

Sikuwa na huruma naye nilipomkuta. Nilikuwa nalia na nilimfokea. "Ulijua watakukata. Kwa nini hukuanza na watoto wa yule mama?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Na ba chini?" akasema. "Ningebaruka namna gani?"

Nilitaka kumpiga. Hadi leo nikikumbuka nataka kumpiga, halafu nakaa chini.

Walimfukuza, na ndivyo kazi yake ilivyokwisha. Alikaa na mkewe sokoni, kwenye meza ya sambaza, abacost ileile ikinuka samaki. Watu walimjua kwa sauti, walinunua na kumuuliza habari za dunia. Watu wa mteremko walipita mbali. Na yeye, mtu ambaye hakuogopa chef wa Sange wala director, alimwogopa mama mmoja. Hakupanda tena kule. Kwenda kanisani alizunguka kwa njia ndefu ya chini, hata kwenye mvua, na mkewe alipomuuliza alidanganya kwamba ile ya juu inateleza. Nilimwambia mara nyingi, nenda ukamweleze kwamba haikuwa sauti yako. Alisema atakwenda siku majina yatakaposikika, kwa kuwa ndicho alichoahidi, na hawezi kwenda mikono mitupu. Miaka ikapita hivyo.

Halafu njia ya vyama vingi ikafunguliwa, kila mtu akawa na bendera yake na kila bendera na kamera yake. Vijana watatu walikuja kwenye meza ya sambaza, wamevaa tai, maana tai ilikuwa imeruhusiwa. Nilikuwepo, nanunua. Walimwita Papa kwa heshima nyingi. Walitaka aseme mbele ya kamera habari ya mteremko, aseme kwamba utawala uliua watu wale.

"Mutasema majina?" akawauliza.

"Papa, majina ni mingi. Tuko na nafasi kidogo tu. Useme tu waliuawa, batu bataelewa."

"Hawakuuawa. Mulima uliteleza. Miti ilikatwa, mufereji haukuchimbwa, kisha wakubwa walificha. Nitasema ile yote, na majina."

"Ile ya miti uache, Papa. Itatuharibia."

Aliendelea kupanga samaki. Kijana mmoja, mpole kuliko wenzake, akamwambia kwamba hii ndiyo nafasi yake ya mwisho kusafisha jina lake. Papa Journal akamwekea samaki mmoja mkononi, kama zawadi, na kuwaaga. Walipokwenda nilimwambia kwamba angeweza kusema nusu, nusu ni afadhali, yule mama anazeeka. Aliwafukuza nzi juu ya samaki. Nikajua kwamba mlango wa kupandia kwa yule mama, aliouchungulia miaka yote, ameufunga mwenyewe.

Koo lilianza kuumwa mwaka huo. Kwanza sauti ilikwaruza, kisha ikawa nyembamba, kisha ikaondoka. Daktari alisema maneno ambayo mkewe hakutaka kuyarudia. Ile sauti iliyojulikana hadi Shabunda ikawa pumzi tu, ilibidi uinamie mdomo wake. Siku moja mkewe alikuja kuniita. Nilimkuta amekaa kitandani, amevaa abacost, imepigwa pasi, imemlegea mabegani.

"Maman Kata," akasema kwa pumzi ile. "Tupande."

Tulipanda. Alipumzika kwenye kila kona. Mteremko ulikuwa umejaa nyumba tena, palepale, mbao mpya juu ya udongo uleule, na mfereji ulikuwa bado haujachimbwa. Watu walitutazama tu. Juu kabisa, yule mama alikuwa mbele ya mlango wake anatwanga sombe. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Alimjua mara moja. Hakusimama, hakusema karibu, aliendelea kutwanga. Mkeka ulikuwepo, kiti kilikuwepo. Papa Journal alisimama akingoja kuambiwa kukaa, maana katika maisha yake yote hakuwahi kusema na mfiwa kabla hajakaa naye. Alingoja. Hakuambiwa.

Basi akasema akiwa amesimama. Alianza na nyumba ya chini.

Mchi ulikuwa unapiga na pumzi yake haikusikika. Nikataka kurudia majina kwa sauti yangu ili yule mama asikie. Akaninyamazisha kwa mkono. Aliendelea. Alipofika nyumba ya pili mchi ulipungua. Ya tatu, pale redio ilipomkata, alisimama apumue, nami nikapumua naye, kisha akavuka akaingia ya nne. Mchi ukanyamaza. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande ili sikio lipate. Papa Journal alipanda nyumba kwa nyumba, wazee, wake, watoto, hakumruka mtu. Ilichukua muda mrefu. Kuku walikuwa wanadonoa sombe lililomwagika na hakuna aliyewafukuza. Akafika juu.

"Nsimire," akasema. "Mugisho. Na mudogo mwenye hakukuwa bado na jina."

Mama aliweka mchi chini. "Ukae," akasema.

Alikaa chini, si kwenye kiti. Nami nikakaa. Mama naye akaacha kibao chake, akakaa chini pamoja nasi, na tukanyamaza kama tulivyonyamaza siku ile kwenye matope. Baadaye mama akasema, bila hasira:

"Ile sauti ya kwa televizyo, nilijua haiko yako. Miye niko na masikio. Nilikungojea urudi."

Papa Journal alivua miwani. Mimi ndiye niliyelia.

"Mudogo alipata jina," mama akaendelea. "Baba yake alipotoka Shabunda, alisema mutoto hawezi kuenda vile. Tulienda pa kaburi, akamupatia."

Papa Journal akauliza kwa macho.

"Aganze," mama akasema.

Akalirudia. Midomo ilisogea na hakuna kitu kilichotoka, midomo peke yake, kama jioni ile ya sale ya paroisse. Mama akaliona hilo. Akasogea kwenye mkeka hadi sikio lake likagusa mdomo wa Papa Journal, akashika mkono wa lile koti, palepale alipoushika zamani, na kungoja.

"Aganze," akasema Papa Journal. "Nilisema muzuri?"

"Ulisema muzuri," mama akamjibu.